Maswali ya Wasomaji: Kuwahi, Kuchelewa na Kiingereza Kinachotuponza

Katika toleo hili nimechagua barua zinazohusu jambo moja tu, nalo ni namna Kiingereza kinavyosema kwamba mtu amewahi, amechelewa, amekawia au anasubiriwa. Waandishi wa barua hizi si watu wasiokijua Kiingereza. Ni makarani, wafasiri na wanafunzi wanaokiandika kila siku, na mengi ya makosa wanayoyaeleza yanatokana na kukijua Kiswahili vizuri mno. Majina yao nimeyaacha, na baadhi ya barua nimezifupisha.

Swali: Ndugu Mhariri, katika insha niliandika "The doctor arrived on time to save the child", mwalimu akanikata alama akisema ilipasa niandike "in time". Nilipofungua kamusi nilikuta misemo yote miwili imefasiriwa kwa neno moja, kuwahi. Je, sikuonewa?

Jibu: Hukuonewa, ingawa kamusi nayo haikukutendea haki. Kitenzi chetu "kuwahi" kina mikono mirefu. Mtu aliyefika kazini saa ileile iliyopangwa amewahi. Aliyefika nusu saa kabla ya wenzake amewahi. Aliyekuta treni imeshaanza kujongea akaidandia naye amewahi. Na kama hayo hayatoshi, tunakitumia kitenzi hichohicho kumwuliza mtu kama amewahi kuiona bahari, ambapo habari ya saa haimo kabisa. Kiingereza hakina kitenzi kipana namna hiyo, kwa hiyo kimeigawa kazi kwa vihusishi viwili vidogo, na kila kimoja kina kipimo chake.

"On time" hupima kwa saa. Lazima pawe na wakati uliotajwa mapema, katika ratiba, tiketi, mkataba au mwaliko, na jambo litokee wakati huohuo. "In time" haiitazami saa ya ukutani. Hupima kwa jambo lililokuwa karibu kutokea au nafasi iliyokuwa karibu kupotea, na husema kwamba mtu alifika kabla mlango haujafungwa. Daktari wa insha yako hakuwa na miadi na ajali, wala hakuna aliyemwandikia kwamba mtoto angezidiwa saa tisa na robo alasiri. Alifika kabla mambo hayajaharibika, na hiyo ndiyo "in time". Kwa sababu hiyo msemo huu hupenda kufuatwa na maneno yanayolitaja jambo lenyewe, kama "in time to save the child" au "in time for the last bus", ilhali "on time" hutosheka ikikaa peke yake mwishoni mwa sentensi.

Tuseme treni imeandikwa kuondoka saa mbili kamili usiku. Abiria wa kwanza anafika saa mbili kasoro dakika tano, anaketi kwenye benchi na kusubiri. Abiria wa pili anafika saa mbili na dakika kumi, jasho linamtiririka na tai imegeukia mgongoni, akaikuta treni ingali pale kwa sababu nayo imechelewa. Inaondoka saa mbili na dakika ishirini, wote wawili wakiwa ndani. Abiria wa kwanza alikuwa "on time" na pia alikuwa "in time". Wa pili hakuwa "on time" hata kidogo, lakini alikuwa "in time". Treni yenyewe haikuwa "on time", na hatuwezi kusema kama ilikuwa "in time" mpaka tuambiwe ilikuwa ikiwahi nini. Ukiweza kuwatenganisha hao watatu bila kusitasita, alama ulizokatwa zimekulipa.

Msemo "just in time" umepata umaarufu wa pekee kupitia viwanda vya magari vya Toyota, ambako umekuwa jina la mfumo mzima wa uzalishaji: kipuri hakiletwi mapema kikajaza ghala, wala hakiletwi baada ya fundi kukaa bure, bali hufika pale kinapohitajika. Ukiangalia vizuri utaona kwamba neno "in" limekaa mahali pake, kwa kuwa kinachopimwa hapo ni mkono wa fundi unaokingoja kipuri, si mshale wa saa. Tahadhari moja nikupe kabla hujaifunga barua hii: "in time" ikisimama peke yake baada ya kitenzi cha wakati ujao hugeuka na kumaanisha "kadiri siku zinavyokwenda". Mzazi anayemwambia mtoto "You will understand in time" hamhimizi awahi, anamwambia asubiri.

Swali: Mimi ni karani. Nilimwandikia mteja "Please send the documents until Friday", naye akajibu akiuliza kama anatakiwa kutuma nyaraka zilezile kila siku mpaka Ijumaa ifike. Nilidhani ananitania. Kosa langu liko wapi?

Jibu: Huenda alikuwa anakutania kweli, lakini ni wewe uliyempa nafasi. "Until" hutumika kwa jambo linaloendelea bila kukatika mpaka kikomo chake: kulala, kusubiri, kufanya kazi, kuwa wazi. "By" hutumika kwa jambo litakalofanyika mara moja, wakati wowote, ili mradi kikomo kisipitwe. Kutuma nyaraka ni tendo la mara moja, kwa hiyo ilipasa uandike "by Friday". Ulichokiandika kinamwagiza mteja aendelee kutuma, atume tena, na tena, mpaka Ijumaa imwokoe.

Nadhani najua ulivyoteleza, na kuteleza kwenyewe kunapendeza. Katika matangazo yetu tunaandika kwamba fomu zitapokelewa hadi Ijumaa, na sentensi hiyo ni sahihi kabisa, hata kwa Kiingereza: "Forms will be accepted until Friday." Dirisha la kupokelea liko wazi siku zote hizo; kupokea ndiko kunakoendelea. Wewe umekaa ndani ya dirisha hilo, na kwa mtazamo wako "until" ni kweli. Mteja yuko nje ya dirisha, amebeba bahasha moja, anaisukuma mara moja tu na kuondoka. Sentensi uliyomwandikia ilitumia saa ya mpokeaji kumwagiza mtumaji. Siku nyingine kabla ya kuchagua, jiulize kitenzi chako ni cha nani na kama kinaendelea. "You have until Friday to send the documents" inafaa, kwa sababu kinachoendelea ni ile nafasi aliyo nayo. "Send the documents by Friday" inafaa, kwa sababu kutuma hakuendelei.

Je, "by Friday" inaijumuisha Ijumaa yenyewe? Kwa kawaida ndiyo, lakini wanasheria hawapendi kuliacha jambo hilo mikononi mwa kawaida, ndiyo maana mikataba huandikwa "on or before Friday" au "no later than Friday". "Before Friday" ni habari nyingine, kwani hapo siku ya mwisho ni Alhamisi, na nimeona watu wakikosa nafasi kwa kulisoma neno hilo haraka.

Na kwa kuwa tumegusa siku ya mwisho, neno "deadline" ambalo ofisi zote hulitaja kila siku lina asili ya kutisha. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika kambi ya wafungwa ya Andersonville, jimbo la Georgia, mwaka 1864, palikuwa na mstari uliowekwa ndani ya ukuta, na mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi na walinzi. Huo ndio uliokuwa "dead line", mstari wa kifo. Katika karne ya 20 magazeti ya Marekani yaliuchukua msemo huo kwa ajili ya saa ya mwisho ya kupokea habari, na mwandishi anayeuvuka siku hizi hupata barua kali tu.

Swali: Nilipoandika muhtasari wa mkutano niliweka sentensi "The late chairman arrived at ten", nikikusudia kusema kwamba mwenyekiti, ambaye alichelewa, alifika saa nne. Wajumbe walicheka, mwenyekiti hakucheka.

Jibu: Ulimzika, kisha ukamfufua saa nne asubuhi. "The late" ikitangulia jina au cheo cha mtu humaanisha marehemu, na haijalishi kwamba mtu huyo yuko mbele yako anakunywa maji. Ungeandika "The chairman, who was late, arrived at ten", au kwa heshima zaidi, "The chairman arrived late, at ten". Vitu na matukio havina shida hiyo: "a late train" ni treni iliyochelewa au ya usiku, na "late arrivals" ni waliofika baada ya wengine.

Msomaji mwingine aliuliza karibu na hapo kama "He came lately" ni sahihi, kwa hoja kwamba kielezi cha Kiingereza huishia kwa "-ly". Kwa kawaida ndivyo, lakini "late" ni kivumishi na ni kielezi pia, kwa hiyo tunasema "He came late". "Lately" ni siku za karibuni: "Have you seen him lately?" Neno hili lina ukoo wenye vituko. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kitu kilicho taratibu au kizito kwenda, na kutoka shina hilohilo yakazaliwa "later", "latter", na hata "last". Kisha tazama "latest": katika "the latest news" ni habari mpya kuliko zote, ilhali katika "by ten at the latest" ni ukomo usiopaswa kupitwa.

Swali: Mhariri, mimi ni mfasiri chipukizi. Sentensi "Samahani, nimechelewa sana kwa dakika arobaini" niliifasiri "Sorry, I am too late for forty minutes". Mhakiki wangu ameipigia mistari miwili myekundu bila maelezo.

Jibu: Mhakiki wako ana haraka, kwa hiyo nitamalizia kazi yake. Mstari wa kwanza uko chini ya "too". "Sana" yetu hueleza ukubwa wa jambo, na Kiingereza chake hapa ni "very". "Too" hueleza kwamba kiasi kimepita na kuna kitu kimeharibika: "very late" ni mtu aliyechelewa sana lakini bado anaweza kuingia, na "too late" ni mtu aliyekuta mlango umefungwa. Mtu akiuandikia uongozi wa kampuni "I am too late for the interview", wanaweza kumwita anayefuata kwenye orodha, kwa kuwa wamesoma kwamba haji tena.

Mstari wa pili uko chini ya "for". Kiasi cha kuchelewa hutangulia bila kihusishi chochote, "I am forty minutes late", na "for" huwekewa kile ulichokichelewea, "late for the meeting". Ukiviunganisha utapata "I am forty minutes late for the meeting", sentensi ambayo mtu hapendi kuihitaji lakini ni vizuri awe nayo mfukoni.

Kwa kuwa wewe ni mfasiri, nikuongezee jambo ambalo hukuuliza. Wengi huandika "Sorry, I delayed" wakikusudia "samahani, nilichelewa". "To delay" ni kuchelewesha, na anayesema "I delayed" anakiri kwamba yeye mwenyewe aliliweka jambo kando kwa hiari. Kama ni msongamano wa magari uliomzuia, aseme "I was delayed", nilicheleweshwa. Mnyambuliko wetu wa chelewa, chelewesha na cheleweshwa unaionyesha tofauti hiyo waziwazi, kwa hiyo sioni sababu ya mfasiri wa Kiswahili kuipoteza njiani.

Kisha kuna "kukawia", ambayo kamusi nyingi huiweka kapu moja na kuchelewa. Haziko kapu moja. Anayechelewa amepitwa na wakati uliopangwa. Anayekawia ametumia muda mrefu, hata kama hakuna aliyempangia. Kiingereza nacho hutofautisha, ila kwa maneno yanayomshangaza mgeni: "Don't be late" ni usichelewe, na "Don't be long" ni usikawie. Nilipokuwa kijana niliambiwa "I won't be long" na mwenyeji aliyekuwa anatoka chumbani, nikabaki natafakari kwa nini mtu mzima aniahidi kwamba hatakuwa mrefu. Methali yetu "kawia ufike" iko karibu sana na "better late than never", na wafasiri wengi huibadilishana nayo, lakini ya kwetu humruhusu mtu kwenda polepole ili afike salama, na ya kwao humpokea yule ambaye ameshachelewa.

Swali: Nilimwandikia msambazaji wa bidhaa "We still have not received the goods" kwa nia njema kabisa, naye akajibu kwa ukali kwamba hatukupaswa kumlaumu. Nilisema tu kwamba bado hatujapokea. Lawama ilitoka wapi?

Jibu: Ilitoka kwenye neno "still". "Bado" yetu haina hasira. Tunasema "bado amelala" na "bado hajaamka" kwa sauti ileile, na mtu akituuliza kama mgeni amefika tunajibu "bado" tu, likatosha. Kiingereza kina maneno mawili hapo. Jambo linaloendelea huchukua "still": "He is still asleep." Jambo linalotarajiwa lakini halijatokea huchukua "yet": "He has not woken up yet", na jibu la mkato ni "Not yet", kamwe si "Still", ingawa nimelisikia jibu hilo mara nyingi.

Sasa, "still" inaweza kuingia pia kwenye sentensi ya kukanusha, na hapo ndipo ulipomgusa msambazaji wako. "We have not received the goods yet" inatoa taarifa. "We still have not received the goods" inaongeza kwamba tumesubiri, tumehesabu siku, na subira inakwisha. Kwa Kiswahili ningeiweka "mpaka leo hatujapokea bidhaa". Linganisha "hajajibu" na "mpaka leo hajajibu", utaisikia tofauti bila msaada wangu. Mara ya kwanza mwandikie mtu "yet". "Still" itunze kwa barua ya tatu.

Sijui kama wasomaji hutambua kwamba kitenzi chetu kinaibeba "yet" ndani yake. "Hajafika" peke yake, hata bila "bado", humwambia msikilizaji kwamba mlango haujafungwa na mtu anaweza kutokea. "Hakufika" humwambia kwamba tukio limepita. Mfasiri anayeziweka zote mbili kuwa "He did not arrive" amemfanya msomaji wake aache kusubiri.

Swali: Mkutano wetu ulikuwa Jumatano. Ofisi ya ng'ambo ikaandika "The meeting has been moved forward two days." Nilifika Ijumaa, wenzangu walikuwa wamekutana Jumatatu. Nani alikosea?

Jibu: Aliyekosea ni aliyeiandika sentensi hiyo, na sisemi hivyo kwa kukupendelea. Mwanasaikolojia Lera Boroditsky na mwenzake Michael Ramscar walichapisha mwaka 2002 utafiti uliotumia karibu sentensi hiyohiyo, kuhusu mkutano wa Jumatano uliosogezwa mbele siku mbili, na wasemaji wa Kiingereza wenyewe waligawanyika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Cha kuvutia zaidi ni kwamba, katika uwanja wa ndege, waliokuwa wametoka kusafiri walielekea zaidi kujibu Ijumaa kuliko waliokuja tu kuwapokea wageni. Anayejiona anatembea kwenda mbele katika wakati huuona mkutano ukisukumwa mbali naye, na anayejiona amesimama wakati ukimjia huuona mkutano ukimsogelea.

Mswahili ana mtego wa ziada. Kwetu mkutano uliosogezwa mbele ni ule ulioahirishwa, na sidhani kama utapata Mswahili anayeusikia vingine. Uingereza, "bring forward" ni kuwahisha, na "put back" ni kuahirisha, kinyume kabisa na mwelekeo wa maneno yetu. Lakini usikariri tu kwamba nyuma ni baadaye, kwa sababu Mwingereza huyohuyo akisema "put the clock back" anairudisha saa kwenye wakati uliopita. Wahindi waliuona uzito huu wakajitengenezea kitenzi "prepone", kinyume cha "postpone", na ingawa walimu wengine hukikunjia uso, mimi nakiona kina akili kuliko "forward". Dawa ya ofisini ni kuacha kusogeza na kutaja siku: "The meeting is now on Monday, not Wednesday."

Swali: Ipi ni sahihi, "I will call you after ten minutes" au "in ten minutes"? Na "within" je?

Jibu: Ukihesabu kuanzia sasa, ni "in ten minutes", hata kama Kiswahili kinasema "baada ya dakika kumi". "After ten minutes" ni ya masimulizi, pale hesabu inapoanzia kwenye tukio jingine: "He waited, and after ten minutes he left." "Within ten minutes" huahidi kwamba dakika kumi hazitakwisha, kwa hiyo simu inaweza kulia hata sasa hivi. Na ukiwa ndani ya ndege ya Kimarekani ukasikia kwamba itatua "momentarily", usiogope. Mmarekani anasema itatua punde, ingawa kwa sikio la Mwingereza neno hilo humaanisha kutua kwa kitambo kidogo tu, kana kwamba itagusa ardhi na kuruka tena.

Swali: Mgeni wa Kiingereza aliniambia tukutane "half seven" jioni. Nilijifunza Kijerumani, kwa hiyo nikafika saa kumi na mbili unusu, nikasubiri saa nzima. Rafiki yangu aliyeambiwa hivyohivyo aliandika "saa saba unusu" kwenye shajara yake. Tuliza ugomvi wetu.

Jibu: Mwingereza anaposema "half seven" ameificha "past" katikati, kwa hiyo ni nusu saa baada ya saba ya kwao, yaani saa moja unusu jioni kwetu. Kwa Mjerumani, "halb sieben" ni nusu ya njia ya kuielekea saba, saa nzima kabla ya hapo. Ulikuwa sahihi katika lugha isiyohusika. Rafiki yako aliifasiri tarakimu akaisahau saa. Sisi tunaanza kuhesabu saa kutokea alfajiri na magharibi, wao wanaanzia usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ni saa sita daima, bila kubadilika. Asipotoa sita atakuwa anafika mchana kwenye miadi ya jioni, na hakuna kihusishi cha Kiingereza kitakachomwokoa.

Swali: Katika hafla yetu, mgeni rasmi alipoingia baada ya kusubiriwa kwa saa mbili, nilishika kipaza sauti nikasema kwa furaha "It's about time!" Nilikusudia kwamba wakati umewadia. Alikunja uso mpaka mwisho.

Jibu: Ulikusudia "It's time", nawe ukasema kitu ambacho kwa Kiswahili kingekuwa "Afadhali umefika, umetuchosha". "It's time" hutangaza kwamba saa ya jambo imefika. "It's about time", hasa ikisemwa peke yake mtu anapotokea, ni manung'uniko. "It's high time" ni kali zaidi, na hufuatwa na kitenzi cha wakati uliopita ingawa jambo halijafanyika: "It's high time we left", yaani ilitupasa tuwe tumeshaondoka.

Akija tena, hata akichelewa kuliko safari hii, mwambie "You are just in time for your speech." Hatakuwa "on time", kila aliye ukumbini ataliona hilo kwenye saa yake, lakini hotuba ni yake na isingeanza bila yeye, kwa hiyo sentensi yako itakuwa kweli tupu na hakuna atakayekunja uso.